Ramani na Wenye Nchi

Swali tunalokusudia kulichunguza katika kurasa hizi ni la zamani, ijapokuwa zana zilizolirudisha mbele yetu ni mpya. Mtu anapoichora nchi ya wenzake, akazihesabu nyumba zao, akaupima mteremko wa mashamba yao na kina cha maji yao, je, ana deni lolote kwao? Au ujuzi ni mali ya aliyeutafuta, autumie apendavyo madhali hakusema uongo?

Wapo watakaoshangaa kulikuta swali hili katika jarida la walimu wa lugha. Jiografia ina walimu wake, watasema, nasi tuna ngeli zetu na mashairi yetu. Tunawajibu kwamba ramani nayo ni maandishi. Ina msamiati wake, yaani rangi na alama. Ina sarufi yake, yaani skeli na mwelekeo. Tena ina mwandishi, ingawa mara nyingi hatumwoni. Neno lenyewe tulipewa na mabaharia. Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha na rahmani, kitabu walichobeba manahodha wa Bahari ya Hindi, ambamo ziliandikwa bandari, nyota, vina na miamba. Nahodha aliyekitunga kitabu hicho aliandika njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa ataipita. Akikosea, chombo kilichopasuka kilikuwa chake. Mchoraji wa siku hizi hayumo chomboni. Anakaa mbali, tena juu sana, na akikosea wanaozama ni wengine. Hapo ndipo suala la elimu linapogeuka kuwa suala la maadili.

Tuseme kwanza jinsi zana zilivyokua. Mwezi Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo uitwao Landsat, na tangu wakati huo uso wa dunia umekuwa ukipigwa picha tena na tena. Katika picha za mwanzo kitu kidogo kuliko meta 80 hivi hakikuweza kupambanuliwa. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupambanua hadi meta 10. Na zipo za kibiashara zinazoliona paa la jiko nyuma ya nyumba. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa orodha ya majengo milioni 516 ya bara la Afrika, yaliyotambuliwa na mashine katika picha hizo, na hakuna hata mwenye nyumba mmoja aliyebishiwa hodi.

Hatutaki kuyabeza haya. Kuna dhuluma ya kutazamwa bila kuulizwa, lakini kuna dhuluma ya kutoonekana pia, na huenda hiyo ya pili imeua watu wengi zaidi. Sensa ya mwisho ya nchi ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Watoto waliozaliwa mwaka ule wana watoto wao sasa, na wote hao hawamo katika hesabu yoyote iliyofanywa nyumba kwa nyumba nchi nzima. Wanaopeleka chanjo wapeleke chupa ngapi? Kwa kijiji kipi? Njia iliyopatikana ni kuyahesabu mapaa yaonekanayo kutoka angani, kisha kwenda kwa miguu katika sehemu chache zilizoteuliwa, kuuliza kila nyumba ina watu wangapi, na kutoka hapo kukadiria za mahali pengine. Ni makadirio tu, lakini kijiji ambacho hakikuwamo katika daftari la mtu yeyote huweza kufikiwa kwa sababu mashine iliona mabati yake yakimeta. Anayelaani ramani zote kwa jumla na amweleze hilo mama mwenye mtoto aliyekosa chanjo.

Kwa hiyo hatuwezi kuuliza kama ramani ni njema au mbaya. Inatubidi tuulize jambo gumu zaidi, na kwa kulijibu hatuna haja ya kwenda mbali. Linatosha ziwa letu wenyewe.

Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale katika Uganda. Ugonjwa ule ulikuwa wa kutisha: mtu mzima mwenye nguvu huanza kusinzia mchana, hukonda, husahau majina ya wanawe, na mwisho hulala asiamke. Katika miaka michache ulizifagia pwani za Busoga na Buganda na visiwa vya Ziwa Victoria. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa.

Mwaka 1902 chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kilituma tume ya kuchunguza. Mmoja wa wajumbe wake, Cuthbert Christy, alizunguka nchini akiandika mahali ambapo ugonjwa ulipatikana na mahali ambapo haukupatikana, akagundua kuwa ulishikamana na ufuo wa ziwa na vile visiwa. Mwaka uliofuata alikuja David Bruce, daktari wa jeshi, ambaye awali katika nchi ya Wazulu alikuwa amethibitisha kwamba mbung'o ndio wanaoeneza nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe. Njia aliyoitumia hapa ilikuwa rahisi na ya busara. Machifu na wamisionari waliombwa wawakamate nzi wa mahali pao na kuwaleta Entebbe, pamoja na jina la mahali walipokamatwa na habari kama malale ilijulikana huko au la. Vifurushi vya nzi vikamiminika. Kila kimoja kikafunguliwa, nzi wakatambuliwa, na matokeo yakatiwa alama juu ya ramani. Ramani moja ilionyesha wapi yupo mbung'o; nyingine ilionyesha wapi yapo malale. Zilipowekwa pamoja, zilikubaliana.

Yafaa tutue kidogo hapa, maana ni tukio kubwa katika historia ya maarifa ya Afrika Mashariki, na vitabu vya shule huliruka. Huu ulikuwa mfano wa mapema wa kazi ifanywayo sasa kwa setilaiti: kukusanya habari za mahali pengi, za watu upande mmoja na za mazingira upande wa pili, na kuzilaza juu ya karatasi ili jicho lione kile ambacho mtu aliyesimama katika kijiji kimoja hawezi kukiona. Na waliozikusanya habari hizo walikuwa wenyeji. Mikono iliyowakamata nzi ilikuwa ya watu wa pwani na visiwani. Bila wao ramani isingekuwapo.

Je, wenyeji hao walipata nini? Mwaka 1906 Hesketh Bell, mkuu mpya wa serikali ya Kiingereza katika Uganda, aliamua kwamba madhali ugonjwa hupatikana pale ambapo watu na mbung'o hukutana, na madhali mbung'o hawahamishiki, basi na wahamishwe watu. Uliamriwa ukanda wa maili mbili kandokando ya ziwa uachwe wazi. Baada ya ufuo ilikuja zamu ya visiwa, na kufikia mwaka 1909 watu wa Buvuma na wa Ssese walikuwa wakiondolewa kwa maelfu. Wavuvi wakawekwa mahali pasipo maji ya kuvua. Mafundi wa mitumbwi wakapelekwa mbali na ziwa. Migomba ikaachwa ivamiwe na magugu, na makaburi yakabaki bila wa kuyapalilia. Kwa wengi, ruhusa ya kurudi ilichukua miaka kumi na zaidi.

Msomaji mwenye haraka atasema: ramani ile ilikuwa chombo cha ukoloni, basi ilikuwa ya uongo. La hasha. Ramani ile ilikuwa ya kweli, na ndilo linalolifanya suala hili liwe gumu. Mbung'o alikuwapo pale alipochorwa. Vifo katika ukanda ule vilipungua baada ya watu kuondoka. Lau Bruce angekuwa mwongo, tungemlaani na kwenda zetu. Lakini alisema kweli, na ukweli wake ukatumiwa kuhamisha watu wasioulizwa neno lolote zaidi ya hili: nzi huyu mmemkamata wapi?

Kosa basi lilikuwa wapi? Kwa maoni yetu lilikuwa katika kuidhania kweli ya ramani kuwa ndiyo kweli yote. Ramani ilionyesha mahali pa nzi na mahali pa ugonjwa, lakini haikuonyesha kwa nini ugonjwa uliibuka wakati ule na si miaka hamsini nyuma. Mwaka 1971 John Ford, mtaalamu aliyetumia miaka mingi Afrika akishughulika na mbung'o, alichapisha kitabu kikubwa akieleza kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na njia zao za kuishi na mdudu huyu: kwa kulima, kwa kufyeka, kwa kupanga makazi yao hata pori likakaa mbali nao, na kwamba vita, njaa, tauni ya ng'ombe na amri za serikali za kigeni mwishoni mwa karne ya 19 ndizo zilizouvunja mpango huo. Mwaka 1977 Helge Kjekshus alitoa hoja inayokaribiana na hiyo kuhusu Tanganyika. Wapo wanaobishana na Ford juu ya mambo kadhaa, na hiyo ni haki yao. Lakini hoja yake ya msingi inatutosha: mtu hakuwa mhanga tu wa mazingira yale, alikuwa pia mtunzaji wake. Ukimwondoa, pori hujirudi, na mbung'o hurudi pamoja nalo.

Tazama yaliyotokea Bunyoro. Sehemu za nchi karibu na maporomoko ya Murchison zilihamishwa watu kwa ajili ya malale katika miaka ileile. Wanyama wakaongezeka mahali walipokaa watu. Nchi ikafanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1952 ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa. Mgeni anayekwenda leo kuwatazama tembo huambiwa kuwa anaona Afrika ilivyokuwa tangu kuumbwa kwake.

Hapa lugha yetu ina neno la kusema. Kiswahili hakitosheki na jina moja kwa ardhi isiyo na watu. Pori si nyika, wala nyika si mbuga. Shamba lililolazwa ili udongo upumzike si pori, hata majani yake yakimfika mtu kifuani. Juu ya hayo yote tunalo neno mahame: mahali palipokaliwa, kisha pakahamwa. Mpita njia akiukuta mwembe mzee katikati ya vichaka hajiulizi mara mbili. Anajua kwamba palikuwa na nyumba, na kwamba kuna watu mahali fulani wanaopakumbuka. Mchora ramani ana rangi moja tu kwa haya yote. Setilaiti nayo, kwa uhodari wake wote, hupima ukijani wa majani, na majani ya mahame hayapungukiwi na ukijani. Zoezi la darasani lingekuwa zuri: wape wanafunzi ramani ya wilaya yao, waambie waandike neno la Kiswahili juu ya kila sehemu iliyoachwa nyeupe, kisha wawaulize wazee kama wamesema kweli.

Tumekaa sana na yaliyopita. Tuje katika wakati wetu, na katika mfano ambao hautupi raha ya kumlaumu mkoloni.

Wilaya ya Bududa iko katika miteremko ya magharibi ya Mlima Elgon. Udongo wake una rutuba, mvua ni nyingi, kahawa na migomba hustawi hadi juu sana, na watu wamesongamana. Juu yao kuna msitu uliofanywa mbuga ya taifa mwaka 1993, ambamo hawaruhusiwi kulima. Chini yao bonde limejaa. Kila kizazi hugawana shamba la baba, na mdogo wa mwisho hupata kipande chenye mteremko mkali kuliko vyote. Mnamo tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ya muda mrefu, sehemu ya mlima ilikatika ikakifukia kijiji cha Nametsi pamoja na zahanati yake. Watu zaidi ya 300 walihesabiwa kuwa wamekufa au wamepotea. Oktoba 2018 udongo na maji viliua tena wilayani humo. Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya ya Bulambuli.

Je, hatari hiyo haikujulikana? Ilijulikana. Mwaka 2006, miaka minne kabla ya Nametsi, utafiti juu ya maporomoko ya ardhi katika eneo hilohilo ulikuwa umekwisha chapishwa, pamoja na hesabu ya maporomoko yaliyotangulia na sababu zake: ukali wa mteremko, aina ya udongo, mvua, na ukataji wa miti. Ulichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu. Hatuwalaumu waandishi wake. Walifanya kazi yao, tena vizuri. Tunauliza tu: baina ya karatasi ile na mkulima wa Nametsi palikuwa na nani? Tunajua alikuwapo mwalimu wa shule ya msingi. Yeye aliletewa nini?

Sasa tulitazame jambo la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Baada ya msiba wa 2010 serikali iliwapeleka manusura Kiryandongo, mwendo wa mamia ya kilometa, katika nchi tambarare yenye mvua chache kuliko za mlimani. Baadaye, kuanzia 2019, wengine walijengewa nyumba Bunambutye, karibu zaidi na kwao. Wengi wa waliohamishwa walirudi mlimani. Waliijua hatari kuliko mtu yeyote, kwa kuwa iliwafukia ndugu zao, nao wakarudi.

Mwenye ramani huona katika hili ujinga au ukaidi. Sisi hatuoni hivyo. Ramani ya maporomoko hupima hatari moja, ilhali mkulima anapima hatari nyingi kwa mara moja. Mlima huenda ukakatika mwaka huu, au baada ya miaka thelathini, au usikatike kamwe juu ya nyumba yake. Bali njaa ya mahali asipojua kulima huja msimu huu. Upweke wa mtu aliyetengwa na ukoo wake na makaburi yake hauna rangi katika ramani yoyote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wazee wetu, na anayekipima kitanda kutoka angani hajui hata kama kina kunguni.

Hata hivyo hatutaki kuitumia methali hiyo kama mto wa kulalia. Katika nyumba ile mteremkoni yumo mtoto. Yeye hakuzipima hatari wala hakuulizwa, si na serikali wala na baba yake. Tukisema mwenye nyumba ana haki ya kuchagua, tumemchagulia na mtoto. Tukisema mtoto lazima aokolewe hata kwa nguvu, tumerudi kwa Hesketh Bell, ambaye naye aliamini kwamba anaokoa. Hatuna hakika kwamba kuna kanuni itakayoyaondoa mashaka haya. Tunachoweza kusema ni kwamba wajibu wa kuarifu hauna masharti: aliyeona ufa na akanyamaza, au akasema kwa lugha isiyosikika pale penye ufa, ameshiriki katika yatakayotokea. Mamlaka ya kuhamisha, kwa upande wake, yana masharti mazito, na la kwanza ni kwamba mahali waendako watu papimwe kwa uangalifu uleule uliotumika kupima wanakotoka. Mara ngapi tumeona ramani kumi za hatari ya mlimani na hata moja ya mavuno ya tambarare?

Ziwa nalo limeturudia na mstari wake. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda yakaipita hata alama ya mwaka 1964, iliyokuwa rekodi. Nyumba, mahoteli na bandari za wavuvi zilizama. Ndipo wengi waliposikia kwa mara ya kwanza juu ya kanuni za mwaka 2000 zinazoulinda ukanda wa meta 200 kandokando ya maziwa makubwa ya Uganda. Kanuni hizo zina sababu nzuri, kwa kuwa mafunjo ya ufukweni huyachuja maji na kuwahifadhi samaki wachanga. Lakini mtu wa pwani ambaye babu yake aliondolewa kwa mstari wa maili mbili, kisha baba yake akaruhusiwa kurudi, anapouona mstari mwingine ukichorwa, tusishangae akiuliza mambo ambayo mpimaji hakujiandaa kuyajibu. Ataliangalia pia jumba la tajiri lililomo ndani ya meta hizohizo. Kipimo ni kimoja. Wapimwao hawako sawa mbele yake.

Wako waliojaribu njia nyingine. Katika jiji la Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, kazi iitwayo Ramani Huria iliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa inayofurika, wakachora pamoja mifereji, njia na nyumba, na wakazi wakaulizwa maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita: magotini, kiunoni, dirishani. Hivyo vilikuwa vipimo halali, vikaingia katika ramani. Mafuriko hayakukoma. Lakini mtu aliyeonyesha kwa mkono wake mahali maji yalipofika aliweza pia kusema kwamba mchoro umekosea, na mchoro ukasahihishwa. Setilaiti haina sikio la namna hiyo.

Sehemu yetu katika kazi hii ni ndogo, lakini hakuna mwingine wa kuifanya. Ufunguo wa ramani, kile kisanduku cha pembeni kinachoeleza rangi nyekundu ni nini na mistari ya kontua inasemaje, karibu kila mara umeandikwa kwa lugha ambayo mkazi wa mteremkoni haisomi. Kuutafsiri si kazi ya kamusi peke yake. Kwa Kiingereza mtaalamu huandika neno moja kwa ardhi inayoweza kuporomoka, nasi twaweza kusema ardhi legevu, au mteremko wenye ufa, au mlima uliowahi kukatika. Na haya matatu hayamwamrishi mkulima jambo moja. La kwanza humfanya atahadhari katika masika, la pili humfanya awatoe watoto usiku huohuo, la tatu anaweza kukaa nalo kama alivyokaa baba yake. Lazima atakayechagua neno awe amepanda mlimani, au angalau amekaa na waliokwisha kupanda, awasikie wanauitaje ufa huo katika lugha yao ya nyumbani kabla ya kuuletea jina la Kiswahili.

Visiwani Ssese watu wapo tena leo, na wilaya yao inaitwa Kalangala. Katika kisiwa kikubwa cha Bugala, tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, misitu mingi imefyekwa ikapandwa michikichi. Ukizitazama picha za setilaiti juujuu utaona kijani tupu kutoka ufuo hadi ufuo, na mashine isiyofundishwa vizuri itaandika kwamba msitu upo.